MTO WA MLIMA NA MSAFIRI WA PEKE YAKE
(Somo juu ya safari ya kulala usiku mmoja njiani)



Konje inakaribia. Wengi watapanda moto ao gari na kufika kwao siku ileile. Lakini kuko wengine, sana sana wale wa milimani, ambao barabara ya gari haifiki kwao. Hawa watafwata bonde la mto na miguu, na safari yao haiishi siku moja. Watalala njiani usiku mmoja, na mara mingi watakuwa peke yao, kwa sababu hakuna mwanafunzi mwingine wa mgini wao.

Katika masomo tunafundishwa hesabu, tunafundishwa kifaransa, tunafundishwa mito ya dunia nzima. Juu ya safari hii hatufundishwe kitu, kwani kila mtu anafikiri ni jambo la miguu tu. Sisi viongozi wa wanafunzi tuliketi pamoja, tukauliza waalimu wa jiografia na wa fizika, tukauliza vilevile wazee wanaokaa kando ya mto. Haya ndiyo tuliyokusanya. Tunaomba musome polepole, na mukate karatasi hii muweke katika sakosi.

I. MTO WA MLIMA NI MTO WA NAMNA GANI?

Tutwae mfano wa mto Butawu, ambao wengine wanauandika Butahu. Mto huu unatoka katika mlima Ruwenzori. Ruwenzori si volkano sawa Nyiragongo. Ni jiwe kubwa la kale lililosukumwa juu wakati ardhi ilipopasuka, na ule mpasuko ndio bonde ambamo Semuliki inapita leo. Kilele chake, Margherita, kina mita 5109. Katika Afrika yote ni Kilimanjaro na mlima Kenya tu vinavyokipita.

Butawu inaanzia kule juu, upande wa barafu na maziwa madogo sawa Lac Vert na Lac Gris. Inateremka upande wa magharibi, ni kusema upande wetu wa Kongo, na kuingia Semuliki. Semuliki inatoka ziwa Edouard, ambalo liko kwenye mita 912, na kwenda ziwa Albert, lenye mita karibu 620. Kutoka pale maji yanaingia katika Nile. Basi tone la mvua linaloanguka juu ya Ruwenzori linaweza kufika Misri na bahari ya Mediterania.

Sasa fanyeni hesabu. Maji yanaanza zaidi ya mita 4000 na kufika chini ya mita 912. Ni mteremko wa zaidi ya mita 3000, katika safari fupi sana kwa mto. Ndiyo maana mto wa mlima hauko sawa na mto wa tambarare. Kuko mambo matatu ya kuchunga:

1. Unakimbia. Mwalimu wa fizika alitufundisha kwamba nguvu ya maji inayosukuma miguu yako inafwata mbio ya maji mara mbio ya maji. Mbio ikizidi mara mbili, nguvu inazidi mara nne. Mbio ikizidi mara tatu, nguvu inazidi mara tisa. Kwa hiyo mto uliouvuka jana ukicheka, leo unaweza kukuangusha hata kama maji yameongezeka kidogo tu kwa macho.

2. Unajaa upesi. Bonde ni jembamba na mteremko ni mkali, maji hayana pahali pa kupumzika. Mvua ya nusu saa kule juu inatosha kubadilisha mto.

3. Unajaa bila mvua kwako. Jambo hili ndilo linaua watu. Wewe uko kwenye jua, unakula ndizi yako juu ya jiwe katikati ya mto, na huko mlimani wingu jeusi limekwisha kumwaga maji yake.

Mutu asiseme kwamba tunatisha watoto. Upande wa Uganda wa Ruwenzori huohuo, mto Nyamwamba ulijaa mwaka wa 2013 na tena mwaka wa 2020, ukaharibu mji wa Kilembe. Kwetu Kongo, mwezi wa ine wa mwaka wa 2020, mto Mulongwe ulijaa usiku katika mji wa Uvira, ukabeba nyumba na watu. Na tarehe 4 ya mwezi wa tano mwaka wa 2023, katika Kalehe, mito ya mlimani ilishuka juu ya Bushushu na Nyamukubi, na zaidi ya watu 400 walikufa. Wale walikuwa katika vijiji vyao, hawakuwa wasafiri. Je, itakuwa namna gani kwa msafiri wa peke yake aliyelala juu ya mchanga kando ya maji?

II. PAHALI GANI HAPASWI KWENDA PEKE YAKO

Tumetwaa mfano wa Butawu kwa kufundisha, si kwa kutuma mutu kule. Sehemu ya juu ya bonde lile ni ndani ya Parke ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka wa 1925 na kuandikwa na UNESCO mwaka wa 1979 kati ya mali ya dunia nzima. Hakuna ruhusa ya kuingia bila karatasi na bila walinzi wa parke. Tena sote tunajua kwamba tangu mwezi wa kumi mwaka wa 2014 watu wengi wameuawa katika teritware ya Beni, na tangu mwisho wa mwaka wa 2020 mauaji yalifika vilevile katika vijiji vya chini ya Ruwenzori. Mahali penye habari ya vita, hakuna somo la kutembea linalosaidia. Mutu hapashwe kupita, basi. Hata kama konje itapotea yote.

Tena tuangalie watu wakubwa waliopita katika bonde lile. Mwaka wa 1891 mudachi Stuhlmann alipanda kwa bonde la Butawu mpaka karibu mita 4000. Mwaka wa 1932 wataalamu wa Ubelgiji walipanda wakiongozwa na Xavier de Grunne. Baadaye nyumba ndogo za wasafiri zilijengwa: Kalonge kwenye mita karibu 2100, Mahangu kwenye mita karibu 3300, na Kiondo juu zaidi ya mita 4000. Katika hawa hakuna aliyepanda peke yake. Walikuwa na wabebaji na waongozi, wenyeji wa mlima, ambao majina yao vitabu havikuyaandika sana lakini ndio waliojua pa kuvuka na pa kulala.

Basi sheria ya kwanza ni hii: kama unaweza kupata mwenzako, mupate. Ngojea siku moja, utembee na wamama wanaorudi kutoka sokoni. Kutembea peke yako si ushujaa, ni ukosefu wa mwenzako. Somo letu ni kwa yule aliyetafuta mwenzake na hakumpata.

III. KABLA YA KUONDOKA

Mwaka uliopita mzazi mmoja alifika hapa siku ya tatu ya konje. Alikuwa ametembea usiku. Akauliza: “Mutoto yangu iko wapi? Barua yake ilisema atafika siku ya posho.” Tuliuliza wote waliobaki katika internat. Mmoja alisema alimuona akitoka na begi. Mwingine alisema alikwenda kwa njia ya daraja. Mwingine alisema hapana, kwa njia ya juu. Njia mbili, na kati yake mlima mzima. Yule baba alikaa kwenye ngazi ya ofisi, hakutaka hata chai.

Mtoto alikuwa mzima. Mto ulikuwa umejaa, naye alikataa kuuvuka, akaomba kulala kwa mama mmoja mzee aliyekaa juu ya kilima. Alingoja siku mbili mpaka maji yapunguke. Alifanya vizuri kabisa, na yeye ndiye aliyetufundisha mengi ya somo hili. Lakini baba yake alipata siku mbili ambazo hakuna mzazi anayepashwa kuzipata, kwa sababu hakuna pahali palipoandikwa njia ya mtoto.

Kwa hiyo andika karatasi mbili. Moja ubakishe masomoni, moja utangulize kwa mzazi na mutu anayekwenda mbele yako. Juu ya karatasi andika:

a) njia utakayofwata, na majina ya vijiji na mito;
b) pahali utakapolala;
c) siku na saa utakayofika;
d) siku ambayo watu waanze kukutafuta kama hujafika.

Neno la nne ndilo watu wanasahau. Weka siku moja ya kungojea mto, ili watu wasianze kulia mapema, na wewe usilazimishwe kuvuka kwa kuogopa kuchelewa.

Wengine watasema: siye tuko na simu. Ni vizuri. Lakini katika bonde rezo inapotea, na batri inakufa na baridi. Karatasi haihitaji rezo.

Usisahau karte yako ya mwanafunzi. Kila kijiji unachopita, salimia mkubwa wa kijiji ao watu wa nyumba ya kwanza, sema jina lako, unatoka wapi na unakwenda wapi. Ni adabu, na tena ni ulinzi. Ukipotea, watu watajua ulipita mpaka wapi.

IV. MZIGO

Mzigo usipite sehemu moja ya tano ya uzito wako. Mwenye kilo 50 abebe kilo 10, si zaidi. Vitabu vyote vya mwaka acha. Sabuni ya familia nzima acha. Weka:

- blanketi moja, na nguo kavu za kulalia zilizofungwa ndani ya plastiki. Nguo hizi hapana kuvaa mchana, hata kama ulilowana;
- triko na kofia;
- plastiki kubwa ya kufunika wakati wa mvua na usiku;
- kamba, kisu, toroshi;
- kiberiti ndani ya chupa kavu yenye kifuniko;
- sufuria ndogo na bidoni ya maji;
- karanga, mihindi ya kukaanga, ndizi, sukari, na unga kidogo. Chukua chakula cha siku moja zaidi;
- filimbi, kama ile ya mwalimu wa michezo;
- kitambaa safi cha kufunga kidonda.

Fimbo utakata njiani. Fimbo ndiyo mwenzako wa safari, kwa sababu mutu mwenye fimbo ana miguu mitatu ndani ya maji.

V. HESABU YA SAA

Wengi wanapima njia kwa kilometa tu. Mlimani hapo ni kujidanganya. Tumia hesabu hii: kwa njia tambarare, na mzigo, hesabia kilometa 4 kwa saa. Halafu kwa kila mita 600 za kupanda, ongeza saa moja.

Mfano: njia ya kilometa 12 inayopanda mita 900. Kilometa 12 ni saa 3. Mita 900 ni saa moja na nusu. Jumla saa 4 na nusu. Ongeza saa moja ya kupumzika na kula. Ni saa 5 na nusu. Ukitoka saa kumi na mbili asubuhi, utafika karibu saa tano na nusu. Ukitoka saa nane mchana, giza litakukuta njiani.

Kwetu tuko karibu na ikweta: jua linazama karibu saa kumi na mbili jioni mwaka wote, na giza linaanguka upesi. Ndani ya bonde giza linatangulia, kwa sababu mlima unafunika jua. Basi sheria: saa kumi jioni, simama. Usiseme “bado kidogo”. Zile saa mbili zinazobaki ni za kutafuta pahali, kukusanya kuni, kupika na kuangalia mto.

VI. KUVUKA

Hapa ndipo mtu anakufa. Tusome neno kwa neno.

Vuka asubuhi. Mlimani mvua inapenda kunyesha mchana na jioni. Kwa hiyo maji ya asubuhi mara mingi ni madogo kuliko ya jioni.

Kama kuko daraja, hata la saa mbili mbali, fwata daraja. Lakini daraja la miti ulipime kwanza na fimbo, na usipite kama maji yanaligusa.

Kama hakuna daraja, tafuta pahali mto ni mpana. Wengi wanatafuta pahali pembamba, na ni kosa: pembamba maji ni ya kina na yana nguvu. Angalia vilevile chini ya pale utakapovuka. Kama kuko maporomoko ao miti iliyolala ndani ya maji, tafuta pahali pengine, kwa sababu ukianguka maji yatakupeleka pale.

Tupa kijiti ndani ya maji, kisha tembea kando yake kwa mwendo wa kawaida. Kama kijiti kinakuacha, hapana kuvuka. Kama maji yatapita magoti yako, hapana kuvuka. Kama unasikia mawe yanagongana chini ya maji, hapana kuvuka: mto unaobeba mawe utabeba na wewe.

Ukiona ni vizuri, vaa viatu, miguu mitupu inateleza. Legeza kamba za mzigo ili uweze kuutupa. Hapana kujifunga na kamba: peke yako, kamba itakuzamisha. Elekeza uso kule maji yanakotoka, weka fimbo mbele yako, na tembea kwa ubavu, mguu mmoja kwa mara moja. Fimbo isiondoke mpaka miguu miwili imekaa vizuri. Hapana kukimbia, hapana kuruka juu ya mawe.

Ukianguka, tupa mzigo. Lala kwa mgongo, miguu mbele upande maji yanakokwenda, na ogelea kidogokidogo kuelekea kando. Hapana kusimama ndani ya maji yenye nguvu, mguu utanaswa kati ya mawe.

Na alama za mto unaojaa ni hizi: maji safi yanageuka kuwa ya matope, majani na vijiti vinaanza kupita, sauti inakuwa nzito, harufu ya udongo inafika. Ukiona moja tu, toka. Ukiona tena maji yamepunguka ghafla bila sababu, kimbia juu: pengine udongo umefunga mto kule juu, na ile ngome itavunjika.

Mto ukikukataza, ngoja. Mara mingi mto wa mlima uliojaa jioni umepunguka asubuhi. Unajaa upesi na unapunguka upesi. Mwenzetu yule alingoja siku mbili, na leo yuko katika kalasi pamoja nasi.

VII. PAHALI PA KULALA

Pahali pazuri kuliko yote ni nyumba ya watu. Wengine wanaona haya kuomba. Lakini wazee wetu wote walisafiri hivyo, na msafiri hakukatazwa moto. Piga hodi mapema, kabla ya giza, wakati watu wanaweza kuona uso wako. Saidia kuteka maji ao kupasua kuni. Asubuhi shukuru na uache kitu, hata chumvi kidogo. Dada zetu tunawaambia kwa nguvu zaidi: nyinyi hapana kulala porini, na katika kijiji ombeni kwa nyumba yenye mama na watoto.

Kama nyumba hakuna kabisa, chagua hivi:

1. Hapana juu ya mchanga wala juu ya kisiwa, hata kama panapendeza. Angalia matawi ya miti kando ya mto. Ukiona majani makavu yamenaswa juu, maji yalifika pale. Panda juu ya alama hiyo, tena panda zaidi.
2. Hatua mia kutoka kwa maji, si chini. Sauti ya mto inakuzuia kusikia kitu kingine.
3. Hapana chini ya mti mkavu, wala chini ya ukingo wa udongo uliopasuka.
4. Hapana juu ya njia ya nyama wanaokwenda kunywa maji.
5. Hapana kwenye shimo la chini kabisa, kwa sababu hewa ya baridi ni nzito, inashuka na kukaa chini.

Usiku utasikia mambo. Katika misitu ya Ruwenzori kuko pimbi wa miti, mnyama mdogo anayekula majani. Usiku analia kwa sauti kali inayopanda, ambayo mgeni anafikiri ni mutu anayenyongwa. Hana ubaya wowote. Kujua kwamba ni pimbi hakuondoi woga wote, lakini kunakuzuia kukimbia katika giza. Na kukimbia katika giza kando ya mto ni hatari kuliko nyama wote wa msitu ule.

VIII. BARIDI

Watu wanafikiri mutu hawezi kufa na baridi karibu na ikweta. Fanyeni hesabu. Kila mita 1000 za kupanda, hewa inapunguka karibu digri 6. Kama usiku kijijini, mita 1200, kuko digri 18, basi kule Mahangu, mita 3300, kutakuwa karibu digri 5. Na nguo zikiwa zimelowana, upepo ukipiga, mwili unapoteza moto wake haraka sana.

Alama: kwanza mutu anatetemeka. Halafu vidole vinashindwa kufunga kamba. Halafu maneno yanakuwa kama ya mlevi. Mwishoni haitetemeki tena, anasema yuko vizuri na anataka kulala. Huyu yuko karibu kufa. Mutu wa peke yake hana mwenzake wa kumwambia, kwa hiyo anapashwa kujiangalia katika alama ya kwanza. Ukianza kutetemeka, simama, vua nguo za maji, vaa zile kavu, kula sukari, washa moto.

Kasiksi na kanyanga hazileti moto. Zinapeleka damu ya moto karibu na ngozi, na ndiyo maana mutu anasikia joto, lakini lile joto linatoka nje na ndani anabaki na baridi. Tena, ukilala katika nyumba, hapana kufunga mlango na mbabula ya makala ndani. Moshi usioonekana unaua watu wakilala.

IX. MAJI YA KUNYWA

Maji ya mlima ni meupe, lakini meupe si safi. Juu yako kuko mbuzi, kuko mashamba, kuko watu. Kolera na tifoide hazina rangi. Chemsha mpaka maji yapige mapovu makubwa, uache dakika moja. Zaidi ya mita 2000 uache dakika tatu, kwa sababu kule juu maji yanachemka mapema: kila mita 300, karibu digri moja chini. Kwenye mita 2100 yanachemka karibu na digri 93.

Na wewe hapana kwenda chooni karibu na mto. Hatua mia, shimo dogo, kisha funika. Chini yako kuko mtoto anayeteka maji na bidoni.

X. UKIPOTEA

Kuko neno watu wanasema: ukipotea, fwata mto, utafika kwa watu. Kwa tambarare ni kweli mara nyingine. Kwa mlima mto unakupeleka kwenye maporomoko na kuta za mawe. Rudi nyuma mpaka pahali pa mwisho unapopajua. Kama huwezi, kaa pahali pa wazi, piga filimbi mara sita katika dakika moja, ngoja dakika moja, kisha piga tena. Ndiyo alama ya wapanda milima ya kuomba msaada, na mwenye kusikia anajibu mara tatu. Kama uliandika karatasi yako, watu watakuja upande ule.

MASWALI YA KUJIFUNZA

1. Kwa nini mto wa mlima unaweza kujaa pahali ambapo mvua haikunyesha?
2. Mbio ya maji imezidi mara mbili na nusu. Nguvu imezidi mara ngapi?
3. Njia ina kilometa 16 na inapanda mita 1200. Utatumia saa ngapi bila kupumzika? Utatoka saa ngapi ili usimame saa kumi jioni, ukipumzika saa moja?
4. Kijijini kuko digri 20 kwenye mita 1000. Itakuwa digri ngapi kwenye mita 2500?
5. Taja alama ine za mto unaojaa.
6. Wakati wa baba yako, barafu ya Ruwenzori ilikuwa kubwa kuliko leo. Mwaka wa 1906 milima sita ya Ruwenzori ilikuwa na barafu; miaka mia moja baadaye ilibaki kwenye mitatu tu: Stanley, Speke na Baker. Uliza mzee wa kwenu: mto wenu ulikuwa namna gani alipokuwa kijana?

TANGAZO

Tangu leo kuko daftari juu ya meza ya chumba cha kujifunzia. Kila mwanafunzi atakayekwenda na miguu aandike jina, njia, pahali pa kulala na siku ya kufika, kabla ya kutoka. Watu wawili wenye njia moja watajulikana pale pale, na pengine yule aliyefikiri yuko peke yake atapata mwenzake. Daftari litabaki kwa mlinzi wa masomo wakati wote wa konje, ili mzazi akifika apate jibu siku ileile.

Tunawatakia safari njema na kurudi salama.

Viongozi wa wanafunzi,
kwa mkono wa kiongozi wa mwaka wa sita.